GESI KATIKA GARI LA PETROLI: MTUNGI WA JIKONI SI TANGI LA GARI

Kila bei ya petroli inapopanda, swali moja huzuka magerejini, kwenye vituo vya teksi na katika kambi za mashamba: kwa nini gari lisitumie gesi ileile tunayopikia? Mwenye gari kuukuu ana mtungi jikoni, ana mpira na vibanio, na ana fundi jirani asiyeogopa kujaribu. Mwajiri naye, mwenye pikapu ya kubebea wafanyakazi, hupiga hesabu zake. Kwa hiyo jambo hili si la wenye magari peke yao. Linamhusu anayeendesha, anayebebwa nyuma, anayechomelea vyuma gerejini, na anayelala chumba kilicho jirani na mahali gari linapolazwa.

Tuseme wazi tangu mwanzo. Gari la petroli laweza kutumia gesi. Huko Uturuki magari zaidi ya milioni 4 yanatumia gesi ya aina hii, na huko Italia na Uholanzi mafundi wameifanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Lakini kubadili gari si kuweka mtungi wa jikoni ndani ya buti na kuvuta mpira mpaka kwenye kabureta. Afanyaye hivyo amejitengenezea hatari, na mara nyingi hata fedha anayoitafuta haipati. Sababu zake ni hizi.

JE, GESI HII NI NINI?

Gesi ya mitungi, ambayo kwa herufi huitwa LPG, ni mchanganyiko wa gesi mbili, propeni na buteni. Hupatikana wakati wa kusafisha mafuta na wakati wa kuchimba mafuta na gesi ardhini. Ikishindiliwa kidogo tu hugeuka kuwa maji, na ndiyo maana ukitikisa mtungi husikia kitu kikicheza ndani. Lita moja ya maji hayo ikitoka nje hugeuka kuwa gesi ya lita 250 hivi.

Gesi hii ina mambo matatu ambayo kila mfanyakazi yampasa kuyajua.

Kwanza, ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu na kutoweka. Hutambaa chini kama maji, ikaingia katika mitaro, katika shimo la gereji la kutengenezea magari, na chini ya vitanda.

Pili, inahitaji hewa nyingi na gesi kidogo tu ili iwake. Hewa ikiwa na gesi sehemu 2 hivi katika 100, cheche moja inatosha. Maana yake ni kwamba lita moja ya maji ya gesi iliyovuja yaweza kujaza chumba kidogo chote kwa hewa inayoweza kuwaka.

Tatu, yenyewe haina harufu. Ile harufu mbaya tunayoisikia hutiwa kwa makusudi ili ituonye. Ukiisikia ndani ya gari, jua kuna mahali panavuja; usiipulizie manukato.

GESI MBILI ZENYE JINA MOJA

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Aliyepata kufika Dar es Salaam ameona teksi na bajaji zinazotembea kwa gesi, naye akirudi kwetu husema, "Wenzetu wanatumia gesi, nasi tutumie." Ni kweli wanatumia, lakini si gesi ya jikoni. Ile ni gesi asilia, iliyofika Dar es Salaam kwa bomba kutoka Songo Songo mwaka 2004. Ikitiwa ndani ya magari huitwa CNG, yaani gesi asilia iliyoshindiliwa. Haigeuki maji, hubaki gesi, na ili itoshe mtungini hushindiliwa kwa nguvu kubwa mno.

Tulinganishe kwa kipimo ambacho kila fundi wa matairi anakijua. Tairi la gari dogo hujazwa paundi 30 hivi. Mtungi wa gesi ya jikoni katika joto la mchana unaweza kuwa na paundi 100 au zaidi. Mtungi wa gesi asilia ya gari hujazwa karibu paundi 3,000. Mtungi wa jikoni haukutengenezwa hata kidogo kwa mzigo huo.

Mwezi wa Oktoba 2024, mjini Benin nchini Nigeria, gari lililipuka kituoni lilipokuwa likijazwa gesi asilia. Wasimamizi wa mpango wa serikali wa gesi ya magari walieleza kwamba mtungi wake ulikuwa umechomelewa na kubadilishwa, tena haukuwa wa kazi hiyo. Basi fundi akikuambia "nitakufungia gesi," swali lako la kwanza liwe: gesi ipi? Katika makala hii tunazungumzia ile ya mitungi, LPG, ambayo katika nchi zetu zilizo mbali na bahari huletwa kwa malori kutoka bandarini.

GARI LA GESI HUFANYAJE KAZI?

Gari lililobadilishwa vizuri halipotezi petroli. Hubaki na matangi mawili, na dereva huwa na swichi ya kuchagua. Injini huwashwa kwa petroli, na ikishapata joto huhamia kwenye gesi. Vifaa vyake ni hivi:

1. Tangi la gesi. Ni la chuma kinene, nalo hufungwa kwa mikanda na bolti kwenye bodi, ndani ya buti au mahali pa tairi la akiba. Hupimwa kiwandani kwa presha inayozidi paundi 400.

2. Vali ya tangi. Hiki ndicho kifaa muhimu kuliko vyote. Husimamisha ujazaji tangi likifika asilimia 80, kwa sababu maji ya gesi hutanuka sana yakipata joto na lazima yaachiwe nafasi. Hufunga gesi injini inapozimwa. Hufunga pia bomba likikatika, kwa mfano gari likipata ajali. Pamoja nayo ipo vali ya usalama inayotoa gesi kidogo kidogo endapo presha itazidi, ili tangi lisipasuke.

3. Kifuniko cha vali, chenye bomba la kutoa nje ya gari gesi yoyote inayovuja, isiingie walipokaa abiria.

4. Bomba la gesi, linalopita chini ya gari kama lile la breki, mbali na bomba la moshi.

5. Kigeuza gesi. Maji ya gesi yakigeuka kuwa gesi hunyonya joto. Ndiyo maana mtungi unaotumika sana huwa baridi na kutoa jasho. Katika gari, maji ya moto ya rejeta huzungushwa ndani ya kifaa hiki ili gesi isigande.

6. Kichanganyio. Kwenye injini ya kabureta gesi huchanganywa na hewa mlangoni mwa kabureta. Kwenye injini mpya zenye sindano za kupulizia mafuta, gesi nayo huwa na sindano zake, na huongozwa na kompyuta ndogo.

Sasa linganisha na mtungi wa jikoni. Mtungi huo umetengenezwa usimame wima na kutoa gesi ya juu, si maji ya chini. Jiko la moto mmoja huchoma chini ya robo kilo kwa saa. Gari dogo likienda kilomita 80 kwa saa huhitaji kilo 5 na zaidi kwa saa. Mtungi hauwezi kutoa gesi kwa kasi hiyo. Hupoa, presha hushuka, injini hukosa nguvu. Fundi asiyejua huulaza mtungi au kuupindua ili utoe maji, nayo maji hayo hupita katika mpira na vali visivyotengenezwa kuyapokea. Tena mtungi uliolazwa huenda vali yake ya usalama ikawa imezama ndani ya maji ya gesi, na ikifunguka itamwaga maji badala ya gesi. Hapo hakuna vali ya kufunga bomba likikatika, hakuna kifuniko cha kutoa mvuke nje, wala mkanda wa kuzuia mtungi usiruke breki zikikanyagwa kwa ghafula.

India ililipitia jambo hili. Kwa miaka mingi mitungi ya jikoni ilifungwa kwa siri ndani ya magari. Mwaka 2000 sheria ikaruhusu gesi katika magari, lakini kwa tangi maalum na vifaa vilivyokubaliwa. Mtungi wa jikoni ulibaki marufuku.

HATA TANGI ZURI LINAHITAJI VALI YAKE

Isidhaniwe kwamba hatari hii ni ya nchi maskini tu. Mwezi wa Januari 1999, huko Vénissieux karibu na Lyon nchini Ufaransa, gari la gesi lilichomwa moto. Wazima moto walipofika kulizima, tangi likapasuka na kuwajeruhi vibaya kadhaa wao. Tangi hilo halikuwa na vali ya usalama ya kupunguza presha. Baada ya hapo Ufaransa ilizilazimisha gari za gesi kuwa na vali hiyo. Tutambue kwamba walioumia walikuwa wafanyakazi waliokuwa kazini. Kifaa kidogo kilichoachwa kililipwa kwa miili yao.

Na jirani zetu wa Kenya hawajasahau usiku wa tarehe 1 Februari 2024. Lori la gesi lililipuka katika mtaa wa Embakasi, Nairobi. Watu walikufa na zaidi ya mia mbili wakajeruhiwa, nyumba zikaungua, na ghala la nguo likateketea. Hilo halikuwa gari lililobadilishwa, bali lilikuwa lori lililobeba gesi. Hata hivyo fundisho ni lilelile: gesi iliyotoka mahali pake haichagui mwenye mali na jirani.

JE, KUNA FAIDA YA FEDHA?

Faida zipo. Gesi huwaka safi kuliko petroli, plagi na oili hudumu, na moshi wenye sumu hupungua. Lakini mfanyakazi hana budi kupiga hesabu kabla ya kufungua mfuko.

Kipimo rahisi ni hiki: kazi inayofanywa na lita 10 za petroli hufanywa na kilo 7 hivi za gesi. Chukua bei ya lita ya petroli, zidisha kwa 10. Chukua bei ya kilo ya gesi, zidisha kwa 7. Kisha linganisha.

Tuseme petroli ni shilingi 5,000 kwa lita. Lita 10 ni 50,000. Ikiwa gesi ni 6,000 kwa kilo, kilo 7 ni 42,000, umeokoa 8,000. Lakini ikiwa gesi ni 8,000 kwa kilo, kilo 7 ni 56,000. Umepoteza 6,000, tena umejitia hatarini. Bei hizi ni za mfano tu. Wewe weka za mtaani kwako. Wengi watakaofanya hesabu hii kwa bei ya gesi ya dukani, inayouzwa kwa mitungi midogo, watashangaa. Katika nchi ambako gesi ya magari imefaulu, serikali iliitoza kodi ndogo kuliko petroli, na huuzwa kwa lita katika vituo vya mafuta. Pasipo vituo hivyo, mwenye gari hubaki kununua gesi ya jikoni kwa bei ya jikoni.

Kisha ongeza gharama ya vifaa. Tuseme tangi, vifaa na ufundi ni shilingi 2,400,000, nawe unaokoa 8,000 kwa kila lita 10 za petroli. Utarudisha fedha yako baada ya kuokoa mara 300, yaani baada ya lita 3,000. Gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita litakuwa limetembea kilomita 30,000. Dereva wa teksi anayetembea kilomita 150 kwa siku atazimaliza katika siku 200 za kazi. Mfanyakazi anayetembea kilomita 20 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, atangoja miaka 5. Huyu wa pili afadhali abaki na petroli yake.

Lipo na jambo la injini. Gesi huingia kavu, haina mafuta ya kulainisha. Baadhi ya injini, zikiwamo za magari ya Kijapani tuliyoyazoea, zina viti vya vali laini ambavyo huliwa upesi zikitumia gesi. Muulize fundi kuhusu injini yako kabla ya kulipa.

NYUMBANI UFANYE NINI, NA NINI USIGUSE?

Zipo kazi ambazo mwenye gari aweza kuzifanya mwenyewe. Kabla ya gari kubadilishwa, safisha au badili plagi, nyaya zake na chujio la hewa, kwani gesi huhitaji cheche yenye nguvu. Injini inayokula oili itengenezwe kwanza. Gesi haiponyi injini mbovu. Baada ya kubadilishwa, kagua kila wiki bolti za tangi. Pima viungo vya mabomba kwa povu la sabuni: likitoa mapovu, panavuja. Usipime kwa kiberiti hata mara moja. Usilaze gari juu ya shimo au mtaro, wala katika banda lisilopitisha hewa.

Zipo kazi ambazo usiziguse. Usichomelee tangi wala karibu nalo. Usifungue vali. Usihamishe gesi kwa mpira kutoka mtungi wa jikoni kwenda tangi la gari. Kazi hiyo humwaga gesi chini, na chini ndiko inakokaa. Usinunue tangi kuukuu lisilo na alama ya kiwanda, mwaka wa kutengenezwa na presha liliyopimiwa. Na baada ya kazi kwisha, gari lipelekwe kukaguliwa, na kampuni ya bima iarifiwe. Asiyearifu huweza kunyimwa fidia siku ya ajali.

NA KIWANDANI, NA SHAMBANI?

Wengi wetu hatuna gari, lakini gesi tunafanya nayo kazi. Foklifti nyingi za viwandani hubeba mtungi wa gesi nyuma. Tazama vizuri mtungi ule. Umelazwa, lakini umetengenezwa hivyo: ndani una bomba linalochukua maji ya gesi, na una tundu linaloingia katika pini ili ulale upande mmoja tu, vali ya usalama ikitazama juu. Msimamizi akiagiza mtungi wa jikoni ufungwe mahali pake kwa sababu wa foklifti umekwisha, agizo hilo ni la hatari, na mfanyakazi ana haki ya kuliripoti.

Kumbukeni pia kwamba injini ya gesi, ijapokuwa haitoi moshi mweusi, inaweza kutoa kaboni monoksidi, sumu isiyoonekana wala kunuka. Ikiwa wanaofanya kazi ghalani wanaumwa kichwa na kusikia kizunguzungu, kisha wakitoka nje wanapona, basi milango ifunguliwe, foklifti isimame, na injini ikaguliwe.

Ikiwa mwajiri anataka kubadili pikapu au basi la wafanyakazi litumie gesi, tawi liulize mambo haya kabla gari halijaanza kubeba watu:

1. Ni gesi gani, na je, tangi lina alama za kiwanda cha kutengeneza matangi ya magari?

2. Nani alilifunga, na yuko wapi mkaguzi aliyelipitisha?

3. Vali ya asilimia 80 na vali ya usalama zipo?

4. Tangi limetengwa na mahali wanapokaa watu, na mvuke hutolewa nje?

5. Dereva amefundishwa la kufanya akisikia harufu: kusimama, kuzima injini, kufunga vali, kuteremsha watu wote, na kuzuia sigara na moto?

6. Bima ya gari na fidia ya wafanyakazi zimeandikwa kwa gari hilo kama lilivyo sasa?

Mwajiri mwenye majibu mema hatachukizwa na maswali haya. Asiye na majibu asipewe abiria.

Ndugu wafanyakazi, hatuipingi gesi. Ni nishati nzuri, na siku ikipatikana kwa bei ya haki katika vituo vya mafuta, madereva wengi watanufaika. Tunachokataa ni ule ubahili wa kumwekea mtu mtungi wa jikoni mgongoni na kumwambia safari njema. Akiba ya petroli ni ya mwenye gari, lakini moto ukiwaka ni wa wote waliomo. Kwa hiyo wote waliomo wana haki ya kuuliza, na ya kukataa kupanda mpaka wajibiwe.